Nahodha wa Ghorofa ya Tatu

Jina lake silitaji. Si kama nimelisahau. Watu wetu London hii ni wachache, ukitaja jina la mtu Peckham, hujafunga mdomo limeshafika Ilford. Sisi tulimwita Nahodha. Na nahodha mwenyewe chombo hana, kuogelea hajui, na lile hodhi la kuogea ambalo kaunsili, serikali ya mtaa wenye nyumba zile, wamemwekea kila mtu bafuni, yeye hajalijaza maji hata siku moja. Ndani yake kaweka makafi mawili ya kupigia mtumbwi, hema, na mifuko mikubwa isiyoingia maji. Akitaka kuoga huchota kwa ndoo, akasimama pembeni akajimwagia kwa kopo, sakafu nzima ikarowa, na jirani wa chini akapanda kuja kugombana.

Kazaliwa wapi, mwana wa nani, hayo waulizeni wanaojua nasaba. Miye skuli nimeishia darasa la saba. Najua aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi, kama walivyoondoka wengi, na hilo yeye halisemi na miye siliulizi. Nilipohamia pale Peckham, flati zetu zilipakana, ghorofa ya tatu, na mbele yake ile korido ya nje yenye ukuta wa kifuani. Kwa wengine wote korido ile ni njia. Kwake yeye ni baraza. Kaweka viti viwili, busati na birika la kahawa, na majirani wakirudi makazini na makanisani na mizigo yao wanaambiwa samahani, vua viatu, unakanyaga Kanada.

Maana ramani zake alikuwa akizitandaza pale kwenye busati, akaziwekea vikombe vya kahawa pembeni zisipeperuke.

Safari aliyokuwa akiipanga ni ya kwenda kaskazini ya Kanada, kwa mtumbwi. Huko, alivyotueleza, ziwa linaingia mtoni, mto unaingia ziwa jingine, ziwa lile mto mwingine, mpaka mwenyewe uchoke. Mtumbwi ni wa watu wawili. Mmoja anakaa mbele anapiga kafi, mmoja nyuma anapiga na kuongoza. Peke yako huwezi. Hilo la peke yako huwezi alilirudia sana, na miye wakati ule sikujua kwa nini analirudia. Nilimuuliza huko kuna maduka? Hakuna. Mabasi? Hakuna. Watu je? Unaweza kwenda wiki nzima usione mtu. Nikamwambia, Babu, hayo si ndiyo maisha niliyoyakimbia shamba kwetu? Akacheka mpaka kofia ikamtoka.

Siku nyingine akanionyesha mistari midogo midogo kwenye ramani, baina ya ziwa na ziwa. Nikadhani njia za gari. Kumbe pale maji yanakatika, ama yanaporomoka kwenye majabali, basi mnashuka, mnaubeba mtumbwi vichwani, mnapita nao msituni mpaka ziwa la pili. Nikamuuliza, yaani unatoka London, unapanda ndege, unakwenda kubeba mtumbwi? Kumbe safari yenyewe uhamali. Ungebaki Unguja, bandarini Malindi, ungebeba mpaka ukome. Yeye akanijibu kwa upole kuwa kubeba ndiko anakokutaka khasa, kwa sababu ukibeba unakuwa pakavu.

Nilicheka. Nilidhani mzaha.

Alikuwa na neno lake moja, nalo lilitokana na hiyo hiyo safari. Maziwa yale majira ya baridi yanaganda, huwezi kuingia mpaka barafu ivunjike. Basi kila kitu kwake kikawa barafu. Lifti imekufa, kaunsili hawaji kuitengeneza: tusubiri barafu ivunjike. Karatasi zangu za uhamiaji zimekwama: barafu hiyo, mwanangu, itavunjika. Mama mmoja wa Kinigeria wa flati ya mwisho, mtu wa kanisa, alilichukua neno lile akawa analisema kwenye maombi yake, tunamsikia ukutani.

Bibi mmoja wa kwetu, anakaa Ilford, aliposikia Nahodha anakwenda kaskazini alimpelekea kipepeo cha ukili cha kujipepea. Kwetu kaskazi, ule upepo wa kaskazini, ni joto, watu wanalala nje. Bibi wa watu akadhani huko kutakuwa kaskazi zaidi. Nahodha hakumcheka. Alikipokea kipepeo kwa mikono miwili akakitia kwenye mifuko isiyoingia maji, pamoja na soksi za sufu. Ndivyo alivyokuwa. Kitu cha mtu hakidharau.

Chakula ndicho kilichotutia aibu jengo zima. Alisoma kuwa huko uchukue chakula kikavu, maana unakibeba mwenyewe. Wazungu wanachukua supu za unga. Yeye akaanika pweza. Kamtundika kwenye kamba, koridoni, London, mwezi wa nne. Mtu wa kaunsili alikuja kaziba pua kwa tai. Nahodha akamkaribisha kahawa, akamweleza kuwa huyu ni wa majaribio, na shida yake ni moja tu: huko kuna dubu, na dubu ananusa kutoka mbali, sasa yeye anataka kujua dubu anakula pweza ama hali? Yule bwana alisema hajui. Nahodha akamwambia basi aulize ofisini.

Lakini aibu yangu khasa ilikuwa mazoezi. Kwa kuwa mtumbwi ni wa watu wawili, na wa pili hayupo, wa pili nikawa miye. Kaweka makreti mawili ya soda pale koridoni, moja mbele jingine nyuma, akakaa la mbele, miye la nyuma, kila mtu na kafi lake kutoka hodhini, tukawa tunapiga makafi hewani. Anahesabu, tunainama, tunavuta. Anasema badili, tunahamisha mkono. Watu wanapita wametoka kununua ndizi na bamia, wanatuangalia watu wazima wawili tunavuka sakafu ya saruji. Watoto wa skuli walitupiga picha kwa simu. Miye nimevaa sare ya kazini, ina kuku kachorwa kifuani. Nilikuwa nainamisha kichwa, nasema moyoni, Mungu wangu, nimeuza ng'ombe wa baba nije Ulaya kufanya hivi.

Yeye haya hana. Alikuwa anakaza uso kama mtu anayeendesha meli. Akifika mahali kwenye fikira zake maji yana nguvu, anafumba macho. Siku zote kwenye maji ya nguvu anafumba macho.

Na msimdhanie mwoga. Chini kwenye ngazi walikuwa wanakaa vijana na mbwa wao, hata mtu wa posta alikuwa hapandi. Nahodha alisimama mbele yao na kofia yake ya viua, akawaambia huyu mbwa kashiba na nyinyi mmeshiba, sogeeni watu wapite. Wakasogea. Toka siku ile walikuwa wakimwita sir. Na uongo alikuwa hauvumilii. Niliwahi kupiga simu kazini nikasema naumwa tumbo, na tumbo lenyewe limejaa urojo alioupika yeye. Akaninyang'anya bakuli, akaniambia nenda kazini. Lakini mvua ikinyesha, pakatuama dimbwi pale chini kwenye maegesho, mtu huyu huyu alikuwa anazunguka jengo zima asilivuke.

Sasa nikwambieni kisa chake, maana kila aliyemjua alikijua. Alikisimulia harusini, kwenye hitima, na kwenye foleni ya pasipoti.

Zamani walipokuwa vijana, yeye na rafiki yake mmoja walifanya kazi kiwanda kimoja cha biskuti. Rafiki mwenyewe Muhindi wa Unguja, mzaliwa wa mji, Kiswahili anakisema mpaka unatamani akurudishie chako. Klabu ya kiwanda ikawapeleka wafanyakazi Scotland, kupiga makafi kwenye ziwa. Wale wawili wakapewa mtumbwi mmoja. Hawajafika mbali, wakapinduka. Hapo Nahodha husimama. Anasema Muhindi kanipanda kichwani, ananizamisha, analia mama nakufa, mama nakufa, kwa Kiswahili, na Waskochi wamesimama ukingoni hawajui mama ndiye nani. Nikamwambia, simama bwana, maji ya magoti. Akasimama. Na kweli, maji ya magoti.

Watu hucheka mpaka wanashika kuta. Na toka siku hiyo Muhindi yule akaitwa Maji Magoti. Jina la kwetu likishakukaa halitoki kwa sabuni. Alipofungua duka lake Kenton, duka la makufuli, funguo na masufuria, ubao wa mlangoni una jina la baba yake, lakini hakuna anayelijua. Watu wanaelekezana dukani kwa Maji Magoti. Mkewe akawa mke wa Magoti. Watoto wake kwenye madrasa ya Jumamosi walikuwa wakiulizwa leo baba yenu kavuka bomba?

Miye kisa hiki nilikipenda kama pilau. Nilikisimulia kazini, jikoni, kwa Kiingereza changu cha kuokota, nikaongeza na papa. Mwenzangu aliangusha trei ya kuku.

Basi kila mwaka, baridi ikianza kuondoka, Nahodha alikuwa anatangaza kuwa mwaka huu anakwenda. Na mtu wa kwetu hasafiri hivi hivi, anaaga, anaomba radhi, kwa sababu kwenda anakujua na kurudi hakujui. Alivaa kanzu, akazunguka mlango kwa mlango. Mara ya mwanzo aliponigongea, akasimama pale akaniambia miye msafiri, mwanangu, kama nimekukosea kwa kujua ama kwa kutojua, niwie radhi, wallahi nilitokwa na machozi. Nikamwambia nimekuwia radhi, na wewe niwie. Wiki ya pili nakutana naye kwenye mapipa ya taka. Hajaenda popote. Nikamuuliza vipi? Akasema barafu. Mwaka wa pili akaja tena na kanzu yake. Nikamwambia Babu, radhi ya mwaka jana hujaitumia bado, anza na hiyo.

Mlango wa mwisho siku zote ulikuwa Kenton. Watu wakisema, Nahodha kakosa radhi ya Maji Magoti, ndiyo maana haendi. Wakicheka. Wakidhani yule bwana kakasirikia utani, kwamba hana moyo wa mzaha. Na Nahodha anatoka Kenton kanyongea, kanzu anaivua, mtumbwi wa mwaka ule umekwisha.

Mwaka mmoja nikafuatana naye. Nilitaka kumuona Maji Magoti kwa macho yangu, kama mtu anavyotaka kumuona mchezaji mpira. Duka lenyewe jembamba, ukuta mzima makufuli, na nyuma ya meza mzee mdogo wa mwili, miwani imefungwa uzi. Miye na mdomo wangu nikatangulia. Nikamwambia, shikamoo Ami Magoti.

Alinitazama kidogo. Akasema marahaba, mwanangu, karibu. Hakukasirika. Akatupa viti, akatutilia chai ya maziwa, akamuuliza Nahodha hali ya magoti yake, yale ya kweli, maana yanamuuma. Wakaulizana watu. Miye nikaona mbona wanapendana hawa. Halafu Nahodha akaweka kikombe chini, akasimama, akavua kofia.

"Mimi msafiri. Kama nimekukosea, kwa kujua ama kwa kutojua, niwie radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya lolote."

"Lolote sina. Ninalo moja. Litaje, nikuwie radhi papa hapa, nifunge duka tufuatane huko Kanada. Mtumbwi si wa watu wawili?"

Nahodha akatazama makufuli. Akayatazama kama mtu anayetafuta lipi linamfaa. Mteja akaingia akataka ufunguo, ufunguo ukachongwa, mashine ikapiga kelele, mteja akatoka. Nahodha bado kasimama, kofia mkononi.

"Chai yako inapoa," Ami akamwambia.

Tulipokuwa tunatoka alinishika bega. Akaniambia, kijana, wewe unacheka vizuri, muulize huyu nani alisimama kwanza.

Kutoka Kenton treni inakwenda juu juu muda mrefu, unaona nyuma za nyumba za watu, nguo zao na baiskeli zao. Treni ilipoingia chini ya ardhi, madirisha yakawa meusi, ndipo aliposema, na alisema akitazama dirishani, kwenye kivuli chake mwenyewe.

"Niliyelia ni mimi. Niliyempanda mwenzangu kichwani ni mimi. Yeye alikunywa maji yote yale, akainuka, akaniambia simama bwana, maji ya magoti."

Nikamuuliza ilikuwaje basi.

"Jumatatu kiwandani walituuliza kulikuwaje. Nikawahi kusema."

"Halafu?"

"Basi. Niliwahi."

Na mwenzako hakusema? Akasema hakusema. "Alinitazama tu. Mpaka leo ananitazama vile vile."

Mumewahi kufungua mlango wa choo mkamkuta mtu mzima ndani? Ndiyo ile haya iliyonipata. Hukufanya kosa, wala yeye hakufanya kosa wakati ule, lakini hujui uyaweke wapi macho. Nilitazama viatu vya watu mpaka stesheni ya Elephant, tunakoshukia. Lile hodhi lisilotiwa maji, lile dimbwi la maegesho, macho yaliyofumbwa juu ya kreti la soda, vyote nilikuwa nimevicheka, na sasa vimekuja vimekaa nami kwenye treni. Nikamkumbuka na yule mwenzangu wa jikoni na trei yake ya kuku. Nilikuwa nimemchekesha kwa mtu ambaye alikunywa maji kumwokoa mwenziwe.

Toka siku ile mazoezi yakawa mazito. Tunakaa kwenye makreti, hatutazamani. Nilimwambia mara moja, Babu, si useme tu? Maneno mangapi yale? Akanijibu kuwa kwa miaka yote kila akifungua mdomo aseme, watu wanaanza kucheka kabla.

Nikaona kweli yake siku ya Idi.

Tulikuwa ukumbi mmoja Ilford, watu wamejaa, biriani imepakuliwa, watoto wanakimbizana wanagombana kwa Kiingereza na mama zao wanawatukana kwa Kiswahili. Ami Magoti alikuwepo, kaja na mkewe, kakaa meza ya karibu na jiko. Mtu akapiga kelele, Nahodha, tupe ile ya Scotland. Nahodha akasimama. Nikamuona anashika meza. Akaanza kama siku zote, kiwanda, ziwa, mtumbwi umepinduka, watu wameshaanza kutabasamu. Halafu akasema, "Aliyelia mama nakufa hakuwa yeye. Alikuwa mimi."

Ukumbi ukapasuka. Watu waliangua kicheko ambacho sijakisikia tena. Wakadhani katia chachandu mpya. Kila akisema kweli, nawaambieni kweli, wao wanapiga meza. Yule bibi wa kipepeo anajifuta machozi. Mtu akapaza sauti akamuuliza Maji Magoti, umesikia, Nahodha kakusaidia kubeba jina?

Na miye nikacheka. Kulikuwa na mtu mmoja tu ukumbini, mbali na wale wawili, aliyejua kuwa pale hapana mzaha, na mtu huyo alikuwa anacheka. Mdomo ulinitoka tu, umezoea. Nahodha akaniona. Akakaa, akavuta sahani yake. Ami hakucheka wala hakununa. Alimaliza wali wake, akamsubiri mkewe avae koti, wakaondoka.

Baada ya hapo nikahama. Nilipata kazi Ilford, bohari, nikapata na chumba huko, na nikajiambia Peckham ni mbali. Si mbali. Basi na treni, umefika. Nilikuwa namkwepa, na yeye kila nikimpigia simu alikuwa anaongea haraka haraka, hali ya hewa, dua, kwaheri. Nilisikia kwa watu kuwa ule mwaka uliofuata hakuzunguka na kanzu. Wakasema Nahodha kazeeka, safari kaiacha. Wakamhurumia. Miye nikanyamaza.

Halafu siku moja ya mapumziko nilikuwa kwenye bustani moja ya huku mashariki, ina kiziwa cha kukodishia maboti, na mabata wakali. Nimekaa kwenye benchi nakula chipsi. Nikasikia mtu anagombezwa kwa Kiswahili juu ya maji. Kushoto bwana, kushoto, hiyo kulia, hata mkono uliozaliwa nao huujui?

Wazee wawili, wamevaa majaketi ya kuokolea ya rangi ya chungwa, yamewapanda mpaka masikioni. Boti la kukodi, la makasia, lakini wao hawana habari na makasia. Kila mmoja kashika kafi, na makafi yenyewe nayajua, nimeyapiga mwenyewe kwenye saruji. Nyuma kakaa Ami, miwani na uzi wake. Mbele Nahodha, kofia imekwenda upande. Macho kayafumba.

Nilitaka kuondoka. Wallahi nilishafunga chipsi zangu. Lakini Ami ana macho ya fundi kufuli. Akaniita, we kijana unayecheka vizuri, njoo hapa ukingoni.

Nikateremka mpaka kwenye matope. Nikawaamkia, sikuthubutu kutaja jina la yeyote. Ami akanieleza, kama mtu anayeeleza habari ya jirani. Mwenzake huyu kaja Kenton mwezi uliopita bila kanzu, bila kuaga safari yoyote. Kasimama mbele ya meza, na wateja wapo, akalitaja lile moja. Lote. Ami akamsikiliza, akamwambia vizuri, umelisema pakavu, sasa ukaliseme kwenye maji.

Boti likasogea karibu na ukingo, likatulia.

"Shuka," Ami akasema.

Nahodha akafumbua macho. Akayatazama yale maji, ya kijani, yana manyoya ya bata. Kijana anayekodisha maboti akaanza kupiga kelele kutoka upande wa pili kuwa hairuhusiwi kutoka ndani ya boti. Nahodha akatoa mguu mmoja, na kiatu chake. Kisha wa pili. Mikono yote miwili kalikamata boti, kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake sokoni. Halafu akasimama.

"Yanafika wapi?" Ami akamuuliza.

"Magotini."

"Nani alilia?"

"Mimi."

"Nani alikwambia simama?"

"Wewe."

"Na Jumatatu?"

Hapo ndipo palipokuwa na kina. Nilimuona anatafuta pumzi kama mtu anayezama, na maji ni yale yale ya magoti.

"Jumatatu niliwahi kusema. Aibu yangu nikakuvisha wewe. Na watoto wako. Ukanyamaza."

"Sikunyamaza," Ami akasema. "Nilikungoja."

Bata akapita baina yao. Kijana wa maboti kashika pembe yake ya kuitia watu, anaita, hakuna aliyemsikiliza.

"Nimekuwia radhi," Ami akasema. "Na wewe niwie."

"Nikuwie ya nini?"

"Ya kukungoja kimya. Ningekushika mkono."

Nahodha alitikisa kichwa kukubali, jaketi likawa linampiga kidevuni. Nilidhani yameisha. Nikaanza kurudi nyuma taratibu, matope yananivuta viatu. Ami akanigeukia.

"We mwenye mdomo. Jina lile sasa mpe mwenyewe. Mwite."

Miye nimewapa watu majina tangu nimeanza kusema. Mwalimu wangu wa darasa la nne mpaka leo anaitwa jina langu. Siku ile jina moja likanishinda. Mtu mzima kasimama mbele yangu, suruali imemganda miguuni, kofia upande, analingojea jina kama anayengojea sindano. Na pembeni yake mtu mzima mwingine, aliyelibeba toka hata miye sijazaliwa, na ambaye miye nimemwamkia kwalo dukani kwake huku nikinywa chai yake. Sikujua nimtazame yupi. Nikatazama maji.

"Maji Magoti," nikasema, "shikamoo."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili.